Kisanduku Chenye Adabu

Jumatatu, 6 Machi 2006

Salaam aleikum, shajara yangu. U mzima? Kurasa hazijaingia unyevu na mvua hizi? Mimi alhamdulillahi. Nina afya, na nina mpango.

Ruta ya chama cha wakulima wa mboga kule Mgeta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, inakata mtandao kila mara. Bei za Dar hawazipati, kabichi zinateremka kwa kubahatisha. Mama Bernadeta, mwenyekiti wao, amesema Ijumaa atachagua fundi mmoja wa kudumu: mimi au Kasimiri, jirani yangu wa dukani. Kasimiri ana cheti na tai. Mimi nina darasa la saba na miaka ishirini ya redio mbovu. Ila nimepata programu ya bure inayoonyesha mawasiliano yanapotelea wapi. Kazi yangu ni kuifunga furushi dogo, iingie ndani ya ruta.

Jumanne, 7 Machi

Furushi limekataa kuingia kwenye ruta ya majaribio niliyo nayo dukani, ya aina ile ile ya Mgeta. Nafasi haitoshi, kumbukumbu ya ruta ni finyu kama mfuko wa shati. Nikatoa maelezo ya matumizi. Nikatoa lugha za Ulaya. Jina la aliyeitunga nimeliacha, kulifuta ni wizi. Baada ya alasiri likaingia. Na kanafasi kamebaki!

Jumatano, 8 Machi

Jambo linanikera. Programu inataja makosa moja kwa moja, kama bwana kodi. Hata hodi hakuna. Kwenye kanafasi nimeandika: "Shikamoo. Habari za Mgeta? Nyumbani hawajambo?" Na kwa kuwa salamu hutangulia kazi, nimeipanga ruta isifungue mtandao mpaka ijibiwe.

Zuleha, mke wangu, akauliza itakuwaje asipokuwepo wa kujibu. Nikamwambia nyumba isiyo na wa kuitikia salamu ina tatizo kubwa kuliko mtandao. Akarudi kuchambua mchele.

Ijumaa, 10 Machi

Nilipanda na lori linalokwenda kubeba mboga. Kasimiri nimemkuta, tai imemkaba. Nikaweka furushi, nikazima ruta, nikaiwasha. Kimya. Mtandao wote umekufa, hata ule wa kukatakata. Kasimiri akauliza, kwa upole wa kuchoma, chombo changu kimegundua nini. Nikasema bado kinasubiri. Mama Bernadeta akataka kujua kinasubiri nini.

"Kuitikiwa shikamoo, mama."

Kasimiri akageukia ukutani, akakohoa. Mama akanitazama.

"Basi kina adabu kukushinda. Wewe umeingia hapa na mawaya yako, hukumwamkia mtu."

Nikaamkia pale pale, aibu tele. Akaitikia. Akavuta kompyuta, akaandika marahaba kwa kidole kimoja, na za nyumbani akazijibu kwa kirefu. Programu ikaridhika, ikasema: mawasiliano yanapotelea kwenye waya wa antena. Tukatoka nje. Mtu ameugeuza kamba ya kuanikia vitunguu saumu, umelemewa, umechomoka.

Kazi nimepata mimi! Kwa sharti moja: salamu zitoke, kisanduku kitaje makosa tu. Kasimiri akanipa mkono, akasema huo si ufundi, ni malezi.

Jumamosi, 11 Machi

Salamu nimezitoa, maana nimeahidi. Kanafasi kako wazi tena. Mama alikataza salamu. Kuhusu kuaga hakusema kitu. Kwa hiyo sasa, ruta ikitakiwa kuzimwa au kuanza upya, itasema kwanza: "Naomba ruhusa niondoke." Isiporuhusiwa, haiondoki. Jumatatu nalipeleka furushi jipya.

Nimemweleza Zuleha, akaguna. Kuguna nako ni jibu. Wewe, shajara yangu, tangu Jumatatu hujanijibu hata neno. Tafadhali nijibu upesi, kabla sijapanda lori.