Vinundu vya Koo Langu

Jumatatu, 5 Julai 1976
Baridi ya Mbeya itaniua. Mimi Budeba, mtu wa maabara, mtoto wa Shinyanga, mwezi wa tatu huu nakula ugali peke yangu. Leo nimetazama tonsili ya mgonjwa kwenye hadubini. Kumbe! Chembe B, askari wa mwili, hazikai ovyo. Zimejikusanya kwenye vinundu vya mviringo, katikati kuna kitovu cheupe, humo zinazaliana adui akiingia. Chembe T, askari wenzao, zina mtaa wao pembeni. Hata chembe zina majirani! Mimi nina kuta nne tu, chumba cha kupanga hapa mtaa wa Soweto.

Aliyeileta tonsili hiyo ni Verediana, nesi wa chumba cha upasuaji. Amesema anatamani kuviona hivyo vinundu. Moyo puu! Nimemwambia aje Alhamisi.

Alhamisi, 8 Julai
Hakuja. Eti hakuna tonsili mpya. Basi nitakatwa zangu! Mafindofindo ninayo tangu utotoni. Verediana atanihudumia, tena mgonjwa hutembelewa. Nataka mtu aniambie pole, basi. Daktari alisema si lazima. Nikakohoa mpaka akakubali.

Jumanne, 13 Julai
Zimetoka. Hata mate hayamezeki. Saa ya kutazama wagonjwa kaja Mama Damari peke yake, mpangaji mwenzangu, na uji wa ulezi kwenye chupa. Kauliza nimelalaje, kanifunika blanketi, kakaa hadi kengele. Na mwili ule, kaziba mlango wote! Verediana akipita nitamwonaje?

Alhamisi, 15 Julai
Damari tena. Uji tena.

Halafu Verediana! Dakika moja. Amesema Philbert, msaidizi wangu, kakata tonsili zangu, kazitia rangi, kamwonyesha kinundu kimoja kimoja. Hajapata kuona kitu kizuri hivyo. Jumamosi wanakwenda dansini Iyunga. Sauti sina, nikaitikia kwa kichwa tu. Alipotoka nikageukia ukutani, nikalia. Vinundu vyangu, jamani!

Jumapili, 18 Julai
Nimeruhusiwa. Damari kanibebea mfuko hadi nyumbani. Kasema jioni nikale kwake, watoto wake wananiulizia kila siku. Nimekataa, nina kazi.

Nimesoma kitabu changu cha maabara hadi mwisho. Kumbe kidole tumbo nacho kimejaa vinundu! Na kesho chumba cha upasuaji anaanza nesi mpya, Benedicta, katoka Iringa, hamjui mtu hapa.

Tumbo limeanza kuuma. Upande wa kulia.