Amplifaya ya Mjomba Naftaly na Kura ya Mlolongo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mwaniki ana amplifaya mpya. Ameileta kanisani kwa mazoezi ikiwa bado na plastiki kwenye vitufe, na hataki mtu aitoe. Vitufe kumi na tisa. Njia tatu za sauti. Taa ya buluu ambayo kazi yake siijui, na nadhani hata yeye haijui.

Ni ya valvu kama yangu, nakubali. Vile vioo vya ndani vinavyopata moto mpaka gitaa linanguruma. Lakini yangu ni ya mwaka 1986, ina vitufe sita, na mjomba Naftaly, Mungu amrehemu, aliipigia hotelini miaka kumi na miwili kabla ya kuniachia. Ikipata moto inatoa harufu ya vumbi na, kwa mbali, sigara zake.

Mwaniki akapiga mara moja tu. Madirisha yakatetemeka. Vijana wakashangilia. Nikasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Hakuna aliyenisikia.

Halafu Wanja, mpiga ngoma na kiongozi wa bendi, akatangaza kwamba jukwaa la mkutano wa vijana Kianjokoma tarehe 16 ni dogo. Gitaa kali litakuwa moja. Mimi au Mwaniki. Wanja hufundisha hesabu shuleni, kwa hivyo hana huruma.

Nimepiga gitaa hapa miaka tisa. Mama yangu, Peninah, ameshawaambia wanawake wa kikundi chake kule Nkubu, na wameshashona vitenge vya kufanana.

Jumatano, 6 Agosti

Nimezijaribu zote mbili, mimi na Mwaniki peke yetu ukumbini. Bila ngoma.

Yangu ina ngurumo moja tu, na haikasiriki mpaka uipandishe sauti sana. Ukigusa uzi wa gitaa polepole, nayo inanyamaza. Ukikosea, Embu nzima inajua. Yake inanguruma hata ikiwa chini. Ukiacha kupiga, kimya hapohapo, kama mlango umefungwa. Na makosa yangu yote iliyasitiri.

Nilitaka kuichukia. Niliipiga dakika arobaini.

Nikamwambia Mwaniki haina roho. Akanishukuru kwa ushauri, akaniita mzee Kaimenyi. Nina miaka thelathini na minane.

Wanja ameamua tushindane Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Atapiga Nyaga, ambaye kwa kawaida hupiga besi, ili tusitambuliwe kwa mkono wa upigaji. Amplifaya zitakaa stoo. Waya zitapita chini ya mlango hadi kwenye spika mbili za kanisa, zinazofanana kabisa: moja imefunikwa kitambaa chekundu, nyingine cheupe. Kiunga, mlinzi wa kanisa, ndiye atakayeunganisha na kuandika ipi ni ya nani, na karatasi itakaa kwenye koti lake. Watu watapanga foleni nyuma ya spika waipendayo. Kiunga anasema karatasi za kura huibwa lakini mlolongo haudanganyi. Wazee wanaoukumbuka uchaguzi wa 1988, foleni fupi ilipotangazwa mshindi, walicheka mpaka wakafuta macho.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Mashine mpya itashinda. Basi na ishinde, ila ishinde kwa jina langu.

Uzuri wa mpango wangu ni kwamba sihitaji kujua karatasi ya Kiunga inasema nini. Nikibadilisha waya mbili tu, sauti ya Mwaniki itatokea kwenye spika yangu, na yangu kwenye yake. Ufunguo wa stoo hutundikwa nyuma ya picha ya Safina ya Nuhu. Waumini wote wanajua.

Kiunga alipomaliza kuunganisha na kwenda kukata nyasi za ng'ombe, nikaingia. Nilihakikisha mashine zimezimwa, maana ya valvu ikiwashwa bila spika huungua. Dakika tatu. Nilipotoka niliigusa amplifaya ya mjomba begani, kana kwamba ina bega. Niliona aibu kidogo. Ikapita nilipokunywa chai.

Jumamosi, 9 Agosti

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri sana. Nyaga alipiga peke yake. Spika nyeupe ikanguruma, watu wakaitikia kwa vichwa. Nyekundu ikasikika kavu, ya kizee. Nikamwonea mjomba huruma.

Hapo Wanja akakaa kwenye ngoma na kumwita kijana mmoja ashike besi ya Nyaga. Alisema hatuendi Kianjokoma kupigia chumbani.

Sijui niandike vipi. Ile mpya ilimezwa. Ngoma zikaila, besi ikala mabaki. Ukubwa wake wote ulikuwa kwenye sauti nzito za chini, na huko chini tayari kulikuwa na wenyewe. Kisha nyekundu. Ilipita katikati ya ngoma ikaja moja kwa moja kifuani. Mama mmoja wa kwaya alilia. Nami nilitaka kulia, kwa sababu zangu.

Mlolongo: nyekundu watu thelathini na wanne, nyeupe watano. Kati ya hao watano mmoja alikuwa mimi. Mwingine alikuwa Mwaniki, aliyeitambua sauti ya mashine yake na kusimama nyuma yake kwa heshima. Tulisimama bega kwa bega bila kuangaliana.

Kiunga akasoma. Nyeupe, Kaimenyi. Nyekundu, Mwaniki.

Mwaniki akasema hapana, haiwezekani. Watu wakamsifu kwa unyenyekevu wake. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nikapiga makofi.

Jumapili, 17 Agosti

Jana Kianjokoma. Kazi yangu ilikuwa kuishikia amplifaya ya Mwaniki mwavuli.

Mama alikuja na wenzake, vitenge vyote. Akauliza gitaa langu liko wapi. Nikamwambia siku hizi ninasimamia sauti. Akawaeleza wenzake kwa Kimeru, nao wakautazama mwavuli kwa heshima. Roho iliniuma.

Gitaa la Mwaniki halikusikika hata kidogo. Wanja aliitazama ile mashine kama mwanafunzi aliyepita majaribio akaanguka mtihani.

Jumatano, 20 Agosti

Ajabu. Mwaniki mwenyewe amemwendea Wanja. Amemwambia anaapa ile sauti nyekundu ilikuwa yangu, na kwamba huenda waya zilichanganyika. Wanja ameamua turudie Jumamosi. Mashine zilezile, ambazo Kiunga ameshaziunganisha upya, spika zilezile, na ngoma. Atakayeshinda atapiga sherehe ya Desemba mjini. Mama nimeshampigia simu.

Sina la kufanya ila kukaa tu. Nimemshukuru Mungu kwa machozi.

Ijumaa, 22 Agosti

Lakini nimewaza. Mtu hakupi ushindi bure. Mwaniki hawezi kuwa mwema kiasi hicho bila sababu. Lazima ameshaingia stoo akabadilisha waya, ili mashine ya mjomba impe ushindi tena.

Leo Kiunga aliniita. Alisema amesikia minong'ono, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa kwa umri katika bendi, ananiamini. Akanipa ufunguo na karatasi yake kwa mkono wake, nikahakikishe hakuna mtu aliyegusa waya.

Nimezikagua. Zilionekana sawa kabisa, na hilo ndilo lililonitia shaka. Nimezibadilisha.