Pumzi za Pikapu ya Otiende

Mji wa Eldoret una watu wa aina mbili wanaojua mambo ya pumzi: wakimbiaji, na Otiende. Na ungemuuliza Otiende mwenyewe, angekuambia hao wakimbiaji bado wanajifunza.

"Hapa tuko juu," alikuwa akiwaelezea watu wa mtaa wa Huruma, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye boneti ya pikapu yake ya dizeli. "Hewa ni nyembamba kama supu ya hoteli. Mkimbiaji amezaliwa nayo, amezoea. Lakini hii gari ilitengenezewa watu wa huko chini. Haina shida ya injini, ina shida ya pua."

Hiyo pua aliifuata hadi Nairobi. Akarudi na boksi lenye filta nyekundu ya umbo la koni na paipu inayong'aa kiasi cha mtu kunyolea ndevu. Juu ya boksi kulikuwa na picha ya gari la mashindano likiruka milima ya mchanga. Otiende aliisoma ile picha kwa makini kuliko alivyowahi kusoma Biblia, kisha akaitundika sebuleni karibu na picha ya harusi. Mkewe, Maximilla, alisogeza tu picha ya harusi kando kidogo.

Huo ungekuwa ujinga wa kawaida wa mwanamume na gari lake, kama si mbio za amani.

Ilikuwa 2009, mwaka na kitu tangu ile vurugu ya uchaguzi iliyowageuza majirani wa makabila tofauti kuwa maadui. Otiende mwenyewe alikuwa amepotelea kwao Siaya miezi mitatu "kuangalia shamba," ingawa shamba hilo lilikuwa limejiangalia miaka ishirini bila yeye. Mama Warigia, mwenye duka la unga, alilala kwenye hema la waliofukuzwa makwao pale uwanja wa Showground, akarudi akakuta duka ni jivu, akajenga lingine. Yeye ndiye aliyeleta wazo kwamba watu wa mitaa yote wakimbie pamoja, kutoka Huruma, wapite mjini, hadi uwanja wa kanisa kule Kapsoya.

Kamati ilikaa wiki tatu na swali moja: nani atakuwa namba moja? Mmoja akapendekeza matokeo yatangazwe palepale uwanjani. Mwingine akauliza ni nani atahesabu. Wa tatu akavua miwani na kuikunja polepole, kama mtu anayejiandaa kupigana. Hapo Mama Warigia akagonga meza.

"Hakuna namba moja. Gari itakuwa mbele, na hakuna mtu kupita gari. Tunafika pamoja, tunakunywa chai, tunaenda nyumbani."

Sasa likaja suala la gari. Jirani mmoja, Wasike, alikuwa na pikapu mpya, safi, isiyo na makuu. Otiende akasimama, akakohoa kikubwa. "Wasike ana gari," akasema. "Mimi nina gari yenye pumzi."

Wakampa. Lakini baada ya mkutano Mama Warigia alimvuta Otiende kando, akimwita kwa jina la binti yake.

"Baba Christabel, nisikilize vizuri. Watu wanafuata hiyo gari kwa sababu hawajaaminiana kufuatana. Ikikwama pale njia panda ya mtaa wa West Indies, kila mtu atashika njia ya kwao na watu wa kwao. Tukianza tena kutengana, mimi sina nguvu ya kurudi kwa hema."

Otiende akajipiga kifua. Moyoni, ukweli usemwe, aliogopa. Tangu arudi kutoka Siaya kuna majirani waliokuwa wakimsalimia kwa ncha za vidole, na hii ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kuonekana mtu wa Eldoret tena.

Kwa hivyo, Ijumaa, badala ya kumpelekea Murunga, fundi wa mtaa, akavua shati akaifunga ile pua mwenyewe. Maelezo yalikuwa ya Kichina, lakini Otiende alikuwa na ile picha. Saa nne baadaye akagundua kwamba paipu ni ya gari la aina nyingine, na haifiki kwenye injini kwa shibiri nzima. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alikata tyubu kuukuu ya trakta, akaunganisha hapo katikati, akakaza na klipu.

Murunga alikuwa akipita. Akachungulia.

"Mzee, hiyo tyubu ni laini. Hapa ikisimama itakubali, lakini kwa mlima injini itavuta hewa kwa nguvu, tyubu ijifinye, gari izibe pua. Weka paipu ngumu."

"Murunga, wewe umewahi kumiliki boksi kama lile langu?"

"Hapana."

"Basi."

Akawasha. Wee! Pikapu ilinguruma hadi kuku wa jirani wakakimbilia chini ya kitanda. Otiende aliridhika sana, hata akatoboa boneti na kuifunga kwa kufuli kubwa la stoo, wezi wasije wakaiba filta.

Jumamosi asubuhi watu mia tatu walisimama nyuma ya pikapu, wote na tishati nyeupe. Mama Warigia alipanda nyuma na kipaza sauti. Mbele kabisa ya wakimbiaji alikuwa Kimeli, kijana aliyewahi kushindana mbio hadi Ulaya, na ambaye kukimbia polepole kulimuuma kama jino.

Kuteremka hadi daraja la mto Sosiani, mambo yalikuwa laini. Otiende alipunga mkono kwa watu wa kando ya barabara, hata wale ambao hawakumwangalia.

Kisha barabara ikaanza kupanda.

"Mzee," Kimeli akaita karibu na dirisha, "ongeza kidogo. Miguu inasinzia."

Kuambiwa ongeza, tena na mkimbiaji! Otiende akakanyaga mafuta hadi mwisho. Injini ikavuta hewa kwa nguvu, tyubu ikajifinya, na pikapu ikaziba pua kama Murunga alivyosema. Moshi mweusi ukatoka nyuma kwa wingi, ukawafunika watu mia tatu na tishati zao. Gari likatetemeka, likapiga kwikwi mbili, likazima. Lilikuwa limefika njia panda ya West Indies, si mita moja zaidi.

Watu walipangusa macho, wakaanza kusogea bila kuambiana, hawa upande huu, wale upande ule.

"Fungua boneti," Mama Warigia akasema.

Otiende akapapasa mfuko wa kulia. Akapapasa wa kushoto. Ufunguo wa kufuli ulikuwa kwenye suruali ya jana, na suruali ya jana ilikuwa kwenye beseni la Maximilla. Jasho likamtoka. Alitamani Siaya kwa moyo wote.

"Si tupite tu?" mtu mmoja akauliza.

"Kupita ni marufuku. Tulikubaliana," mjumbe wa kamati akajibu.

"Ninyi ndio mlikubaliana. Sisi nani alituuliza?"

Mama Warigia alisikia ile sauti, na aliijua tangu zile siku za vurugu. Akainua kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Hakuna mtu anapita gari!" akasema. "Kama haiendi, shikeni muisukume!"

Kimeli, ambaye angekubali chochote ili miguu isonge, akaweka bega. Mwingine akaweka. Mwanzoni kila kundi lilihesabu kwa lugha ya kwao na kusukuma kwa wakati wake, na pikapu ikawa inakwenda mbele hatua moja na kurudi nusu. Baadaye mama mmoja akafoka kwamba wahesabu kwa Kiswahili au wamwachie aende kupika. Moja, mbili, tatu, gari likaenda.

Otiende akafungua mlango ashuke asaidie.

"Kaa ndani, Mzee," Kimeli akamwambia. "Shika usukani. Si wewe ndiye kiongozi?"

Basi akakaa, akipelekwa Kapsoya kilomita mbili kama maiti mheshimiwa. Nyuma yake watu walicheka masizi ya wenzao, wakapokezana bega, wakapeana maji. Walifika saa moja baada ya wakati, na pua ya pikapu ikawa ya kwanza kugusa utepe.

Maximilla alikuwa ameshafika kwa bodaboda, ufunguo umelowa sabuni mkononi. Murunga, aliyekuwa miongoni mwa waliosukuma, akafungua kufuli, akaichomoa ile tyubu iliyobonyea kama chapati, akawasha. Gari likanguruma mara moja.

Otiende akapata uhai. Akapanda juu ya tairi ili wote wamwone.

"Mmesikia hiyo? Mwaka ujao naweka paipu ya chuma. Hata Kimeli hatanishika!"

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Warigia, uso mweusi kwa masizi, alimeza chai yake kwanza.

"Baba Christabel, kamati imekaa sasa hivi. Mwaka ujao tunataka gari yako, si ya Wasike. Tumekubaliana wote, na hakuna hata mmoja amepinga."

Otiende alivimba hadi kifungo cha shati kikalalamika.

"Asanteni," akasema. "Nilijua mtaona tofauti."

"Tumeiona," Mama Warigia akasema, kisha akamgeukia fundi. "Murunga, rudisha hiyo tyubu mahali umeitoa."