Kijana Anayekataa Kunikaba

Phineas Wabuge,
Langas, Eldoret.
19 Agosti 2025.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Uwanja wa Kikapu.

Mwalimu Jemutai,

KUH: KUNYIMWA UPINZANI BILA KOSA LOLOTE

Natumai barua hii inakukuta salama, wewe na kamati yako yote, ambayo sina shaka inafanya kazi kubwa sana, ingawa mpaka sasa hatujaambiwa ni kazi gani.

Mimi ni mchezaji wa mpira wa kikapu wa kila Jumamosi saa nane mchana tangu mwaka 2009. Nina miaka hamsini na sita, goti moja zima, na jingine ambalo tunaelewana. Ni karani wa ghala la mahindi, kwa hivyo nimezoea kupanga mambo kwa namba. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kukimbia. Mji huu unakimbia. Mtu akitoka kununua maziwa asubuhi anapitwa na vijana arobaini wamevaa kaptula. Sikatai, ndiyo sifa yetu. Lakini barabara ya Iten ipo, na ya Kaptagat ipo, na hakuna aliyezifunga. Kwa nini basi mtu aache barabara nzima aje kukimbilia kwenye uwanja mdogo wa saruji, ambapo wengine tumekuja kufikiri? Kikapu ni mchezo wa akili. Napendekeza kwamba timu ikishafunga, wachezaji wote waende upande wa pili kwa mwendo wa watu wanaotoka kanisani. Anayetaka mbio akutane na wenzake barabarani saa kumi na moja alfajiri.

2. Kuchaguliwa. Unajua desturi yetu: makapteni wawili wanasimama katikati na kuchagua watu kwa zamu. Mwaka 2011 nilikuwa nikichaguliwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Opiyo, ambaye Mungu alimpa urefu bila kushauriana na mtu. Mwaka 2018 nikawa wa tano. Mwaka jana alichaguliwa Lennox kabla yangu. Lennox alikuwa ametoka moja kwa moja kukamua ng'ombe na alikuwa bado na gambuti miguuni.

Januari mwaka huu kililetwa kiti. Ndiyo, kiti, cha plastiki, cheupe, kikawekwa kando ya mstari. Binti mmoja aitwaye Jerop, mwenye malezi mazuri mno, akaniletea na chupa ya chai na shuka ya magoti. Akaniambia, "Mzee, wewe keti tu hapa, tutakuita mambo yakikuwa moto." Siku hiyo mambo hayakuwa moto. Mzee hupewa kiti kwenye harusi na kwenye mazishi. Nilitazama kushoto na kulia, sikuona bibi harusi wala jeneza.

Hata hivyo, Mwalimu, hayo mawili ningeyameza pamoja na ile chai. Kilichonifanya nishike kalamu ni la tatu.

3. Kijana Kipkorir. Huyu ni mwalimu wa hisabati, miaka ishirini na minane, na kwa muda wa misimu miwili alikuwa mtu pekee uwanjani aliyenichezea kama adui. Wengine waliponiona ninakuja na mpira walikuwa wakitabasamu. Kipkorir alikuwa akikasirika. Februari alinipiga kiwiko mdomoni, nikatoka damu, akasema, "Pole Mzee, lakini hiyo haipiti hapa." Nilirudi nyumbani na mdomo umevimba na moyo umejaa furaha. Nilimwambia mke wangu Rosebella kwamba bado nipo.

Machi, wazee watatu walifika kwangu kutoka Ainabkoi. Walikunywa chai, wakasifu ukuta, wakazungumzia mvua, kisha wakasema wamekuja kwa ajili ya binti yangu Brigid. Kijana aliyewatuma? Kipkorir. Sikuwa na pingamizi. Kiwiko chake nilikuwa nakijua.

Jumamosi iliyofuata nilipokea mpira upande wa kulia na kumwona amesimama mbele yangu. Nikajiandaa. Akanipisha! Alinipisha kama askari wa geti anavyopisha gari la mkurugenzi. Nikafunga. Nikarudi tena, akateleza mahali pakavu. Nikafunga. Mara ya tatu aliinama kufunga kamba za viatu, na viatu vile havina kamba. Siku hiyo nilipata pointi ishirini na nne, nikazipeleka nyumbani kama mtu aliyeokota simu ya wenyewe.

Ninaelewa desturi. Kijana aliyetuma wazee nyumbani kwa mtu hawezi tena kumsukuma mtu huyo kwa kifua mbele ya hadhara. Kwao ni hivyo, na kwetu ni hivyo. Lakini sheria hiyo ilitungwa na watu ambao hawakuwa na ringi ya kikapu.

4. Madhara. Vijana wetu si wajinga. Ndani ya wiki mbili waligundua kwamba timu yoyote inayocheza dhidi ya Kipkorir ikiwa na mimi haiwezi kushindwa. Ghafla nikaanza kuchaguliwa wa kwanza. Wa kwanza, Mwalimu, mbele ya Opiyo! Kisha heshima ikaambukiza. Nikigusa mpira nasikia vijana wakiambiana, "Wasee, msimguse, huyo ni baba ya Brigid." Wananifungulia njia wote tisa, wakiwemo wanne wa timu yangu. Kulingana na daftari lenu, mimi ndiye mfungaji bora wa mwaka. Mtu wa miaka hamsini na sita, nikiwa nimesimama.

Kwa hivyo naiomba kamati itoe amri ifuatayo: kwamba Kipkorir anikabe kikamilifu, kwa mikono na mwili, na angalau kiwiko kimoja kwa kila kipindi, na kwamba asiponizuia mpira mmoja mbele ya mashahidi kabla ya Jumamosi tarehe 13 Septemba, ule ugeni wa pili wa wazee wake, uliopangwa siku hiyo, uahirishwe. Sitapanga harusi na mtu anayenidanganya chini ya ringi. Brigid amelia. Nimemweleza kwamba hili si suala la mapenzi, ni suala la ukabaji, na ataelewa akishakuwa mkubwa. Ana miaka ishirini na sita.

Utasema nimezidisha. Labda. Lakini nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu: naogopa. Kila mwaka kinapungua kitu, na mimi nilikuwa nikipima kilichobaki kwa kijana huyo mmoja. Akinizuia, nilijua nimeshindwa kwa haki. Nikimpita, mara moja kwa mwezi, nilijua nimempita kweli. Sasa nafunga kila siku na sijui kama bado ninaweza kufunga.

Nakutakia kazi njema. Wasalimie mumeo, watoto, walimu wenzako wote, Jerop na chupa yake ya chai, na Lennox pamoja na ng'ombe.

Ni mimi mwenye pointi ishirini na nne za bure,

Phineas Wabuge.

Tanbihi: Barua hii nilimpa Rosebella akupe kwenye mazoezi ya kwaya. Aliifungua akaisoma akiwa amesimama jikoni, akacheka mpaka ugali ukaungua. Kisha akaniuliza ni nani aliyekuwa akishindwa drafti na marehemu baba yake kule Chepsaita kila Jumapili, tangu wiki niliyotuma wazee mpaka miaka kumi na moja baadaye. Ni kweli. Nilikuwa bingwa wa drafti chuoni, na kwa mzee yule sikuwahi kushinda hata mchezo mmoja. Nilikuwa naviweka vizibo vyangu, ndivyo vilivyokuwa kete zetu, mahali pa kuliwa, kisha nashika kichwa. Nilidhani ni siri yangu peke yangu. Rosebella anasema baba yake alijua tangu Jumapili ya kwanza, na kwamba jioni ile ile alimwambia mkewe, "Huyu kijana ananiachia. Tumpe msichana." Mwalimu, tafadhali ichane barua hii, na ugeni wa tarehe 13 uko pale pale. Mzee yule alijua, akanyamaza, akaendelea kunishinda mpaka wiki aliyolazwa, na kila aliponishinda alinimiminia chai kwa mkono wake. Jumamosi nitafunga, na nitanyamaza.