Kaburi Langu la Bofu Bado Liko Wazi

Kwa Daktari Mkuu,
Chumba cha Wagonjwa Mahututi.

Daktari mheshimiwa,

Pokea salamu za mtu uliyemrudisha duniani bila ya kumtaka shauri. Mimi ni Mwidani Mbwana, mwalimu mstaafu wa Bofu, Likoni, na mwenyekiti wa Kamati ya Mazishi ya mtaa wetu. Kitanda changu kilikuwa kile cha karibu na dirisha. Nashukuru kwa matibabu. Shukurani zimekwisha, sasa nalalamika.

Nilikwenda soko la Kongowea pamoja na Bwana Anwar, katibu wetu, kununua vitunguu vya hitima ya jirani. Moyo wangu ukasimama pale pale penye magunia. Anwar alinitazama, akasema "Innalillahi", akabeba vitunguu na kuvuka kivuko kupeleka habari. Simlaumu. Kanuni ya kamati yetu ni kwamba habari ikifika asubuhi, alasiri maiti awe chini. Kanuni hiyo niliiweka mimi. Makosa yaliyofuata ni yenu.

1. Muuza vitunguu, Bi Njeri, alipiga magoti kando yangu akanibonyeza kifua mbele ya wachukuzi na wateja, mpaka mbavu mbili zikavunjika. Nimeambiwa alikuwa akipiga kelele, "Mzee, usinifie hapa, utanifukuzia wateja!" Kisha wakaja watu wenu wakanistua kwa umeme. Hakuna aliyeuliza kama kamati imekwisha kupewa habari.

2. Chumbani mwako nilipozwa kama samaki wa kuuzwa kesho. Ulieleza kwamba baridi ile huukinga ubongo. Bofu, hata maiti huoshwa kwa maji ya vuguvugu.

3. Nilitiwa mpira kooni, na mikono ikafungwa nisije nikaung'oa. Muuguzi Rispa kila apitapo akawa ananiambia, "Babu, uko hospitali. Moyo wako ulisimama, sasa unapiga. Mkeo yuko nje." Nilikuwa nimesikia mara ya kwanza. Tena mimi si babu yake. Na huyo mke, Mwanarehema, alipoingizwa alisema yote aliyoyaweka moyoni tangu tuoane, akamaliza, akaniaga. Nami sikuweza kumjibu hata neno.

4. Simu yenu ilifika Bofu imechelewa. Kaburi lilikuwa limechimbwa, vitunguu vimekaangwa, Mwanarehema amekalishwa eda, na nguo zangu zimegawiwa. Kanzu yangu ya Idi ilimwangukia Kiponda.

5. Huyu Kiponda ndiye aliyekuwa makamu wangu, na jioni ile ile alikalia kiti changu. Katiba ya kamati yasema mwenyekiti hutoka kitini moyo wake ukisimama. Niliiandika mwenyewe, ili nisije nikatolewa kwa kura. Sasa Kiponda husimama barazani ndani ya kanzu yangu na kuniuliza, "Mwalimu, sheria ni yako. Moyo ulisimama au haukusimama?" Watu hucheka. Wapo wanaoniamkia, "Shikamoo, marehemu." Nami, kwa kuwa adabu haina budi, huitika marahaba.

6. Kwetu kaburi lililochimbwa haliachwi tupu. Husemwa kwamba litamwita mtu. Langu limekaa wazi kwa kuwa nilipinga, lakini kesho, baada ya swala ya Ijumaa, Kiponda atazika mgomba mahali pangu. Mgomba ule ukifukiwa, nimefukiwa mimi na uenyekiti wangu. Nimeiongoza kamati hii tangu nilipoacha chaki. Sina kazi nyingine.

7. Kabla ya kuniruhusu kurudi nyumbani, Rispa alimfundisha Mwanarehema kubonyeza kifua kwa kutumia mto, nami nikalazimishwa kutazama. Yaani mkuu wa mazishi afundishwe namna ya kuyazuia!

Kwa sababu hizo naomba mambo mawili. Mosi, tangaza kwamba moyo wangu haukusimama, ulipumzika tu. Nilipokuja kliniki ulikataa, ukasema daktari hasemi uongo. Niliiheshimu kauli yako, lakini haikunirudishia kiti. Pili, kama la kwanza haliwezekani, basi kuanzia leo mtu wa Bofu ambaye moyo wake umesimama aachwe kama alivyo, na kamati ifanye kazi yake. Haifai hospitali kuingilia mazishi yaliyokwisha kupangwa.

Nisalimie wauguzi wa zamu zote, na yule jirani yangu wa kitanda cha pili, ambaye mashine ilimpumulia kwa kelele kuliko wote. Rispa naye msalimie, ingawa si mjukuu wangu.

Ni mimi, ninayedai haki nikiwa bado hai,

Mwidani Mbwana,
Mwenyekiti halali.

Baada ya kutia sahihi: Leo ni Ijumaa. Mgomba ulikuwa ndiyo kwanza unateremshwa kaburini Kiponda alipojishika kifua akaanguka. Watu wakasema "Innalillahi". Mmoja akasema kaburi lipo wazi, mgomba utolewe atiwe mwenyekiti. Nikasikia sauti ikifoka, "Majembe chini! Hazikwi mtu hapa mpaka daktari aseme!" Sauti ilikuwa yangu. Nikapiga magoti, nikaichana kanzu, na ilikuwa kanzu yangu, nikambonyeza kifua kama ule mto. Maumivu ya mbavu yaliponizidi, Anwar akanipokea, nami nikimhesabia na kumkaripia kila alipolegea. Safari hii hakukimbia.

Gari la wagonjwa linamchukua sasa hivi, na Anwar anapanda na barua hii, kwani sina nafasi ya kuandika nyingine. Daktari, lifute ombi la pili. Mpozeni, mtieni mpira, mpeni kitanda cha dirishani. Msimwachie. Mgomba tumeuzika, kaburi halimwiti mtu tena.

Akifumbua macho, Rispa amwambie kila apitapo, "Babu, uko hospitali. Moyo wako ulisimama, sasa unapiga." Halafu aongeze kwa upole kwamba katiba ya kamati yeye mwenyewe anaijua.