Babu Mwenye Koti

Mababu walikuwa zaidi ya elfu tatu, hawana wajukuu. Na huku nje wajukuu wamejaa tele, hawana babu wa kumwonyesha mgeni. Xavery alipong'amua hilo alisimama katikati ya barabara, hapo Mbulu mjini, mpaka lori la viazi likampigia honi mara tatu.

Habari yenyewe ilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, kwenye vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga. Shirika la hisani liitwalo Hifadhi ya Picha za Kale lilikuwa likiwaomba wananchi waje kuwatambua ndugu zao kwenye picha zilizoachwa na mpiga picha mmoja, aliyezunguka Mbulu na Hanang kwa baiskeli miaka ya hamsini. Bwana huyo alijua sana kupiga picha. Kuandika majina hakujua, au hakutaka kusumbuka.

Tusimwite Xavery tapeli. Mwenyewe alijiita mshauri. Ni kweli kwamba watu wa Dongobesh aliowauzia mbegu za vitunguu visivyomtoa mtu machozi walikuwa bado wanamtafuta, lakini kila taaluma ina wateja wasioridhika.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema akiingia, maana mama aliyekaa mezani alikuwa na sura ya ualimu isiyofichika.

"Marahaba, mwanangu. Umemtambua nani?"

"Bado hata mmoja. Nimekuja kujitolea."

Mwalimu Hilaria alikuwa amefundisha historia mpaka akastaafu, kisha akaanzisha shirika hilo na mzee Basili, aliyekuwa mpiga eksirei hospitalini. Wafanyakazi walikuwa hao wawili tu.

"Anayejitolea hapa hapati posho," alisema Hilaria.

"Posho ya nini, Mwalimu? Hii ni damu yetu!"

Mzee Basili, aliyekuwa akipangusa vioo vya picha kwa brashi laini, aliinua kichwa. Akamtazama Xavery kitambo, akarudi kwenye brashi yake.

Xavery akapewa fomu za utambuzi na begi la nakala za kuzungusha vijijini. Siku Hilaria alipotoka kwenda kanisani, aligundua kwamba picha nzuri zaidi zilikuwa kwenye sanduku jingine, la juu kabatini. Hakujiuliza kwa nini lilitengwa. Akachota nakala kadhaa, akapanda gari la Katesh.

Katesh alikuwepo Bwana Evarist, mwenye maduka matatu ya vifaa vya ujenzi na hamu kubwa ya udiwani. Mpinzani wake alikuwa na picha ya babu yake ukutani, na kila mgeni aliyekwenda kunywa chai alisimuliwa habari za babu huyo mpaka chai ikapoa. Evarist alikuwa na saruji, nondo na mabati. Babu hakuwa naye, angalau si wa kutundikwa.

"Huyu hapana," alisema Evarist, akipekua picha kama anachagua vigae vya sebuleni. "Hana viatu. Huyu amesimama, watu watasema alikuwa mtumishi. Mimi nataka aliyekaa."

Xavery akaweka picha ya mwisho mezani, taratibu. Mzee amekalia kiti chenye mgongo, amevaa koti zito, mkono mmoja juu ya goti, na uso wa mtu asiyepata kudharauliwa na yeyote.

"Huyu!" Evarist alipiga meza. "Huyu ndiye babu."

"Umemkumbuka, bosi?"

"Namkumbuka sasa hivi."

Bei ilikuwa pikipiki nyekundu ya dukani, haijamaliza hata mwaka. Ufunguo Xavery alipewa palepale, kadi ingebadilishwa jina baadaye, maana Evarist alitaka kwanza aletewe picha ya asili, "ile yenyewe, inayonuka uzee." Wapakiaji wawili waliitwa kutoka stoo wasaini, kama mashahidi, fomu ya kuomba picha itundikwe dukani Jumamosi. Mmoja aliuliza kama mzee kwenye picha naye anagombea.

Xavery alirudi Mbulu akiimba ndani ya helmeti. Njiani alisimama kumpigia simu mama yake, aliyekuwa kijijini Nangwa, amweleze kwamba mwanawe sasa ni mtu wa pikipiki.

Mwalimu Hilaria aliisoma fomu polepole, kama anayesahihisha mtihani. Akachungulia dirishani, akaiona pikipiki. Akarudi kwenye fomu. Xavery alikuwa ameandaa majibu manne, lakini maswali yake hayakuulizwa.

"Mwanangu, kwenu hasa ni wapi?"

"Nangwa, Mwalimu."

"Babu yako mzaa baba unamkumbuka?"

"Alifariki kabla sijazaliwa. Hata picha hakuacha."

Lilikuwa neno la kwanza la kweli alilolisema ndani ya chumba kile, tena lilimponyoka.

"Ee. Basili, hebu njoo utazame pua hii."

Mzee Basili alikuja na lenzi. Akaitazama picha ya asili, akaitazama pua ya Xavery kwa ukaribu mkubwa, akahamia masikio.

"Hata masikio," akasema. "Mimi nilinyamaza tu."

"Ulinyamazia nini, mzee?"

"Siku ile ulipoingia."

Mtu aliyepiga eksirei miaka thelathini ana namna ya kunyamaza inayomfanya mgonjwa aanze kufikiria wosia.

Xavery aliichukua picha. Wiki nzima aliibeba nakala yake kama bidhaa. Sasa ndiyo aliitazama. Pua pana, imeelemea kulia kidogo, ileile iliyomfanya achekwe shule ya msingi. Nyumba kwa nyumba alikuwa amewaambia watu kwamba hii ni damu yao, na wazee wengine walilia mbele yake naye akatazama saa.

"Mwalimu, hiyo fomu ina kosa."

"Kosa gani? Mashahidi wawili wamesaini."

"Shahidi anaweza kukosea."

"Wote wawili?"

"Walikuwa wanabeba saruji, Mwalimu. Akili zilikuwa zimechoka."

Hilaria akakunja fomu. "Basi ni tatizo. Maana mzee huyu Jumamosi atatundikwa kwa Evarist, juu ya makopo ya rangi."

"Nipe mimi!"

"Picha ya asili haitoki humu kwa maneno matupu. Kule Yaeda Chini wapo wazee wanaowajua watu hawa kwa majina. Mwaka huu wamekufa saba, wamekwenda na majina yao. Gari hatuna, na magoti ya Basili yamegoma. Mtu akitupatia usafiri, huyo ataondoka na picha leo hii, na kitabuni atasaini."

Xavery alitazama dirishani. Pikipiki ilimetameta juani kwa namna ya kuumiza. Alimtazama mzee mwenye koti, naye mzee akamtazama. Akaweka ufunguo mezani, akasaini pale kidole cha Mwalimu kilipoonyesha, akaondoka na picha imefungwa kwenye kitambaa, ameikumbatia ndani ya basi mpaka Nangwa.

Mama yake, Konsolata, alikuwa uani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea mtu."

Konsolata alifungua kitambaa, akaigeuzia picha kwenye mwanga. "Huyu nani?"

"Baba mkwe wako!"

Mama akacheka mpaka ungo ukapinduka. "Baba mkwe wangu alikuwa na jicho moja, Xavery! Jingine alitobolewa na ng'ombe."

"Labda hii ni kabla ya ng'ombe."

"Alikuwa mtoto wa miaka sita! Na hiyo pua unayoninyooshea ni ya kwetu. Baba yako na babu yako walikuwa na pua kama kisu."

Xavery akaigeuza picha. Nyuma palikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wa mwalimu: *Mpishi wa misheni. Ametambuliwa na binti yake, Endasak.* Tarehe ilikuwa ya miaka miwili nyuma; kumbe sanduku la juu lilikuwa la waliokwisha kutambuliwa.

Akapiga simu. Ilipokewa kwenye upepo mkali na mngurumo wa pikipiki.

"Mwalimu! Umeniuzia babu wa watu!"

"Nani kasema ni babu yako? Mimi nilisema pua. Basili alisema masikio. Babu ulimsema wewe mwenyewe."

"Na pikipiki ya Evarist?"

"Nimeshamuuliza. Ama aliitoa kwa hisani, ama alinunua babu, achague watu wasikie lipi. Jumamosi tunamkabidhi cheti cha ufadhili. Na hiyo picha urudishe Jumatatu. Ulichosaini ni kitabu cha kuazima. Siku nyingine soma."

Xavery alitafuta neno la kijanja. Lililotoka lilikuwa dogo.

"Mwalimu... mwenye jicho moja hamnaye?"

Hilaria alipojibu, sauti ilikuwa nyingine. "Wenye jicho moja ninao wawili, hawana majina. Njoo na mama yako aangalie. Na wewe ubaki, unajua kuwafanya watu waseme."

Simu ikakatika. Xavery alipogeuka, mama yake alikuwa ameshavaa viatu na kitenge kipya, ameshika mwavuli, anauliza pikipiki kaiegesha upande gani.