Tabaga Mbili Usoni mwa Gari

Jumanne, 10 Agosti 1993. Arua.
Nimeshinda! Dada yangu Mariam Poni amekubali. Jumamosi binti yake Medina atapelekwa kwa mumewe Koboko ndani ya gari langu jekundu la mbio, si katika pikapu ya Tahiru. Huyu Tahiru, jirani yetu hapa Awindiri, amebeba maharusi wote wa mtaa juu ya chuma kile kile anachobebea mihogo. Sasa basi! Kasoro ni moja, tena ndogo: oili inachemka. Nikifika Inde na kurudi, mshale wake unagusa nyekundu. Injini ya mbio ina damu moto. Kama mwenyewe.

Alhamisi, 12 Agosti.
Fundi Kasimiro kafungua boneti, kaguna. Eti oili imezeeka, imekuwa chai. Eti nyuma ya wavu wa mbele kuna rejeta ndogo ya kuipoza, nayo inataka upepo. Oili nimebadilisha, mimi si mjinga. Nikaenda Inde, nikarudi, mshale umetulia katikati. Nilipiga honi mara mbili mbele ya nyumba ya Tahiru. Ya kwanza kwa furaha, ya pili ili ajue.

Ijumaa, 13 Agosti.
Baada ya swala, kupamba. Pikapu ya Tahiru, inayobeba vyombo, ina maua ya karatasi. Aibu! Mimi nimeazima tabaga kubwa ya dada, kile kifuniko cha chakula cha kusuka ambacho kila nyumba ya Kinubi inaringia. Nikaifunga mbele, katikati ya taa. Rangi tupu! Wanawake walipiga vigelegele. Tahiru akaja, mikono nyuma. Akasema, "Nasuru, ndugu yangu, toa hii kitu. Oili iko nataka upepo."
Wivu hauna dawa. Nikaongeza tabaga ya pili. Sasa hapapiti hata mbu.

Jumamosi, 14 Agosti.
Msafara uliondoka, mimi mbele! Medina kando yangu, hina hadi viwiko. Shangazi yake, jina lake Afisa, alibanwa nyuma na mito. Medina aliniomba niende polepole. Mjomba wake hajui neno hilo.
Tulipopita Maracha, harufu. Afisa akasema kitu kinaungua. Nikamwambia ni udi wake. Mshale ukapita nyekundu, ukalala kabisa. Taa ya oili ikawaka. Injini ikagonga, ikanyamaza. Moshi!
Medina akalia, wanja ukamchuruzika. Hapo moyo uliniuma, sifichi. Mtoto wa dada yangu aingie kwa mumewe kwa miguu, watu waseme nini? Tahiru akafika. Alipangusa kiti cha mbele kwa kanzu yake mwenyewe, akampandisha Medina, kisha akatoa kamba.
Tukaingia Koboko hivyo: pikapu, kamba, mimi. Vigelegele! Nilipunga mkono dirishani. Watu walifurahi mpaka wakashika mbavu.

Jumapili, 15 Agosti. Koboko.
Medina amenisamehe, ameniletea nyama ya paja. Fundi wa hapa anasema injini imekufa. Hajui magari ya mbio huyo.
Nimefikiri sana. Kutoka Maracha mpaka Koboko, mshale wa oili haukupanda hata kidogo! Na tabaga zote mbili zilikuwa mahali pake. Kumbe ndizo zinazopoza! Kosa lilikuwa mwendo wa kwanza, zilikuwa hazijazoea. Kasimiro na upepo wake!
Kesho Tahiru ananivuta kurudi Arua. Nimemwonea huruma, mzigo ni mzito na pikapu yake iko uso wazi. Sina kinyongo mimi. Alipokwenda msikitini, nimemfungia tabaga moja mbele, nimekaza vizuri.